Uliza Mwalimu wa Kwaya: Bata mzinga yuko mezani, tuimbe nini?

Kila ikikaribia Novemba barua za aina hii zinaongezeka, na safari hii karibu zote zimetoka kwa ndugu zetu walioko Marekani, kwa hiyo ukurasa wote nimeupa Sikukuu ya Shukrani, ile Thanksgiving yao ya Alhamisi ya nne ya Novemba. Mlioandika kuhusu nyimbo za harusi mnisamehe, zenu zinakuja toleo lijalo.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mwaka huu sikukuu inafanyika kwangu, tutakuwa watu kama ishirini na tano, wengine wa Moshi, wengine Wakenya wa kazini kwa mume wangu, na majirani zetu wawili wazee Wamarekani ambao watoto wao wako mbali. Mume wangu kanipa kazi ya nyimbo, nikaingia mtandaoni nikakuta orodha ya nyimbo arobaini, sijui hata moja, nikaona aibu kweli. Nichague zipi? Na je ni lazima ziwe za Kiingereza ili wale wazee wajisikie wako nyumbani? – Mama Watatu, Dallas

JIBU: Marahaba mwanangu. Arobaini za nini? Chagua tatu. Mi mwenyewe mara ya kwanza kukaribisha watu kwenye sikukuu kama hii nilichapa makaratasi ya nyimbo sita, beti zote, nikajiona mtu wa maana, tulipofika wimbo wa tatu ubeti wa nne mchuzi umeshaganda juu na kuna mtoto analia chini ya meza na shemeji yangu mmoja ameshachomoa paja la kuku anakula huku anaimba. Tangu siku hiyo nina sheria: kabla ya chakula wimbo mmoja, beti mbili mwisho. Zingine baada ya kula watu wakiwa wameshiba na hawana haraka.

Sasa huo mmoja wa kabla ya chakula, mi ningekupa ule wa Kijerumani unaoitwa Nun danket alle Gott, kwa Kiingereza wanauimba Now Thank We All Our God. Wale wazee wako kama ni watu wa kanisa wataujua bila karatasi, na wewe kama umekulia Ulutheri nadhani ukiusikia tu utasema ahaa, kumbe huu. Vitabu vingi vya nyimbo vinaandika jina la tuni juu au pembeni ya wimbo, tafuta hayo maneno Nun danket na utaupata hata kama hujui unaanzaje kwa Kiswahili.

Na sikupendekezei kwa sababu ya umaarufu tu. Aliyeutunga ni mchungaji Martin Rinkart, wa mji wa Eilenburg kule Saxony, wakati wa ile vita ya miaka thelathini, 1618 mpaka 1648. Mji ulikuwa na kuta kwa hiyo wakimbizi walimiminika mle ndani kutoka kila upande, wakajazana, ikaja njaa, ikaja tauni. Mwaka 1637 tauni ilipopamba moto, wachungaji wenzake wengine wamekufa na mwingine amekimbia, akabaki yeye kuzika, siku zingine watu arobaini mpaka hamsini, inakadiriwa mwaka ule alizika zaidi ya watu elfu nne, na mmoja wao alikuwa mke wake. Mtu huyohuyo ndo ametuachia wimbo wa shukrani unaoimbwa dunia nzima. Ila kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba wimbo wenyewe ulipotoka kwenye kitabu chake cha 1636 aliupa kichwa cha habari maana yake ni kasala kadogo ka mezani. Yani haukuwa wa kanisani kwa kinanda kikubwa na tarumbeta kama unavyousikia leo, ulikuwa wa kuimba mezani, kama vile sisi tunavyomwambia mtoto ombea chakula. Tuni tunayoijua ilikuja baadaye, ya Johann Crüger, 1647, na Kiingereza kilitafsiriwa na mama mmoja Mwingereza, Catherine Winkworth, 1858. Kwa hiyo ukiuimba mezani kwako Dallas na sufuria la pilau pembeni, umeurudisha palepale ulipotoka.

Wa pili, baada ya kula, We Gather Together. Huu kwa Wamarekani wa umri wao ndo Thanksgiving yenyewe, wengi walifundishwa shuleni. Ukiuangalia vizuri lakini utacheka, maana hauna bata mzinga, hauna mavuno, hauna hata neno la asante kwenye mstari wa kwanza. Ni wimbo wa vita! Waholanzi waliutunga baada ya kuwapiga Wahispania kwenye mapigano ya Turnhout mwezi Januari 1597, ndo maana ndani yake kuna waovu waliokuwa wanawaonea watu wakakomeshwa. Ukachapishwa 1626 kwenye kitabu cha Adriaen Valerius, ukalala huko zaidi ya miaka mia mbili, mpaka Mvienna mmoja anaitwa Eduard Kremser akaupangia sauti kwa ajili ya kwaya ya wanaume mwaka 1877, na Theodore Baker akaufanyia Kiingereza mwaka 1894. Mapigo yake ni matatumatatu, unayumba kama mtumbwi, usiukimbize.

Wa tatu uwe wa kwenu. Wa Kiswahili, wenye makofi, ule ambao Wachaga na Wakenya wote wataupokea bila kuambiwa. Wale wazee hawatajisikia wageni, we wape kayamba uone.

Kuna mmoja utaukuta kwenye kila orodha, Come, Ye Thankful People, Come, wa Henry Alford wa 1844. Ni mzuri sana na tuni yake ya George Elvey inatembea kama askari wa gwaride, ila soma beti zote kabla hujauchapa. Ubeti wa kwanza ni mavuno yameingia ghalani, baridi haijaanza, furaha. Kuanzia wa pili ni ngano na magugu ya Mathayo 13, wa tatu malaika wanatupa magugu motoni. Mtu anataka kukata keki ya malenge wewe unamwimbia hukumu. Ishieni wa kwanza.

SWALI: Mwalimu jambo sana. Siye ni watu ya Bukavu, tuko huku Louisville tangu 2016. Batoto banarudi ku masomo banaimba wimbo moja ya mto na farasi na theluji, banatuuliza mbona siye hatuijue, na munene yao anasema Jingle Bells nayo ni ya Thanksgiving si ya Noeli. Ni kweli? Tunataka kuimba na bo lakini hatutaki kuimba kitu hatujue maana. – Papa na Mama wa Louisville

JIBU: Jambo sana ndugu zangu. Wimbo wa mto na farasi ni Over the River and Through the Wood, na hauna ubaya wowote, imbeni. Ni shairi la Lydia Maria Child la mwaka 1844, anasimulia mtoto anavyokwenda kwa babu yake siku ya shukrani kwa gari la kukokotwa juu ya theluji, farasi anajua njia mwenyewe. Nyumba ya huyo babu inasemekana ni ya Medford, Massachusetts, karibu na mto Mystic. Siku hizi watu wengi wanaimba nyumba ya bibi lakini ukienda kwenye shairi la mwanzo ni ya babu, kwa hiyo mabibi wamempora babu nyumba yake polepole. Shairi zima lina beti kumi na mbili, watoto shuleni wanafundishwa mbili au tatu tu.

Na huyu Lydia mumjue kidogo. Hakuwa mama wa kuandika vishairi vya theluji tu, alikuwa mpiganaji mkali wa kukomesha utumwa, mwaka 1833 alitoa kitabu cha kudai watu weusi waachiwe huru, akapoteza wasomaji wengi kwa ajili hiyo. Mwambieni huyo mkubwa wenu aende nayo shuleni hiyo, mwalimu wake atashangaa.

Jingle Bells sasa. Hiyo habari kwamba ilitungwa kwa ajili ya Thanksgiving imezagaa kila mahali, lakini ushahidi unaosimama ni mwingine: ilichapishwa Boston mwaka 1857 kwa jina la One Horse Open Sleigh, mtunzi James Pierpont, na Septemba ya mwaka huohuo ilikuwa jukwaani kwenye yale maonyesho ya wazungu kujipaka masizi usoni na kuigiza watu weusi. Ndani yake hamna Noeli, hamna shukrani, ni vijana na wasichana wanashindana mbio za farasi na kuanguka kwenye theluji. Watoto wakiimba waacheni, ni wimbo wa mchezo, ila kuuita wimbo wa shukrani mi siwezi.

Na kama mnataka moja wadogo waliyoijua zamani yenye uhusiano wa kweli kabisa na sikukuu hii, ni Mary Had a Little Lamb. Msicheke. Aliyeandika shairi lile mwaka 1830 ni Sarah Josepha Hale, mhariri wa gazeti la akina mama, na ni yeye huyohuyo aliyewaandikia marais barua miaka na miaka akidai siku moja ya shukrani kwa nchi nzima, mpaka Abraham Lincoln akaitangaza Oktoba 1863 vita ya wenyewe kwa wenyewe ikiwa katikati. Kwa hiyo mtoto wenu wa miaka mitatu akisimama kuimba habari ya kale kakondoo, ana haki kuliko wote mezani.

SWALI: Asalaam aleikum mwalimu. Mimi ni mtu wa Tanga, Mwislamu, mke wangu Mkristo wa Machakos, tunaishi Minneapolis, tuna amani kabisa. Siku hiyo wakwe zangu wanakuja na wanapenda kuimba, mama yangu mzazi pia atakuwepo. Sitaki mama akae amenuna na sitaki wakwe wanyamaze. – Baba Zuhura

JIBU: Waaleikum salaam baba. Swali lako ndo nililolifurahia kuliko yote kwenye huu mkoba wa barua.

Anza na maneno, usianze na sauti. Ule We Gather Together niliomwambia mama wa Dallas, maneno yake yote yanamtaja Bwana Mungu tu, kiongozi, mlinzi wa watu wake, basi, hamna cha Utatu ndani. Now Thank We All Our God beti mbili za kwanza nazo zinakwenda hivyohivyo, ni ubeti wa tatu ndo unamtaja Baba na Mwana, kwa hiyo wakwe wakiishia wa pili hakuna aliyeonewa. Wimbo wa theluji na farasi hauna dini kabisa.

Ila mi nisingemlazimisha mama aimbe hata hizo. Kuna wazee wetu wa pwani ambao kwao nyimbo zina mahali pake, kasida ina wakati wake na dufu lina wakati wake, na mezani si mahali. Mpe mama nafasi yake iliyo kubwa: wakwe waimbe ubeti wao kabla ya chakula, alafu watu wakishamaliza kula, kabla sahani hazijaondolewa, mama aombe dua na wote muitikie amin. Amin hiyo hata wa Machakos wanaijua. Na umwambie mapema, wiki moja kabla, mzee asishtukizwe mbele za watu. Mke wako naye awaambie wazazi wake mapema, isijekuwa wewe peke yako ndo mpatanishi unatoka jasho jikoni.

SWALI: Mwalimu, mtoto wa dada yangu yuko sekondari hapa karibu na Boston, mwaka jana aligoma kuimba, akasema Thanksgiving ni siku ya msiba kwa wenyeji wa nchi hii na sisi Waafrika tunajipendekeza tu. Baba yake akampandishia sauti, sikukuu ikaharibika. Alikuwa na hoja au utoto tu? – Mama Mdogo

JIBU: Hoja anayo, mama mdogo, na baba yake angemwuliza kwanza ndo apandishe sauti. Tangu 1970 wenyeji wa asili na wanaowaunga mkono wanakusanyika siku hiyohiyo ya Alhamisi pale Cole's Hill, Plymouth, wanaiita Siku ya Kitaifa ya Maombolezo. Kwa kuwa mko jirani hapo, binti anaweza hata kwenda kusikiliza saa sita mchana na akarudi kula.

Ile karamu yenyewe ya 1621 inayochorwa kwenye vitabu vya watoto, tunachokijua kinatoka hasa kwenye barua ya mlowezi mmoja, Edward Winslow: walowezi wa Kiingereza pale Plymouth walikuwa wamevuna, mfalme wa Wawampanoag, wenyeji wa asili wa eneo lile, anaitwa Massasoit, akaja na watu wake kama tisini, wakaleta paa watano, wakala siku tatu. Wimbo hautajwi hata mmoja kwenye barua hiyo. Na wale walowezi kwenye ibada zao hawakuwa wanaimba tenzi kabisa, waliimba zaburi tu, bila kinanda bila gita, kutoka kwenye kitabu cha Henry Ainsworth kilichochapwa Amsterdam 1612. Tenzi hizi tunazoziita za Thanksgiving zimetoka Ujerumani, Uholanzi, Uingereza, na zikaingizwa kwenye sikukuu baadaye sana.

Kwa hiyo mwaka huu mpeni binti kazi badala ya kugombana naye. Asome Zaburi ya 100 kabla ya chakula, ile ya mfanyieni Bwana shangwe dunia yote, alafu aseme sentensi mbilitatu kuhusu Wawampanoag kwa maneno yake mwenyewe, watu wanyamaze kidogo, ndo muimbe. Mkiimba tumieni tuni wanayoiita Old Hundredth, ya kitabu cha zaburi cha Geneva cha 1551, makanisa mengi ya Marekani wanaiimba sadaka ikipelekwa mbele. Ni fupi, mistari minne tu, hata aliyenuna anaweza kuimaliza.

SWALI: Hapa Toronto sikukuu yetu imeshapita, nyie wote mnaandika kama Marekani ndo dunia. – Msomaji mwenye kisirani kidogo

JIBU: Kisirani chako ni haki yako, samahani. Kanada ni Jumatatu ya pili ya Oktoba, hivyo tangu 1957, na kwa kuwa inaangukia mavuno yenyewe, nyimbo za mavuno zinawakaa vizuri zaidi kuliko wenzenu ambao Novemba shamba limeshakuwa jeupe. Jaribuni We Plough the Fields, and Scatter, Kijerumani cha Matthias Claudius cha 1782, kiitikio chake mtu anakishika mara ya kwanza tu. Mwakani niandikie Agosti.

SWALI: Mwalimu, mimi ni babu, niko Arusha. Binti yangu na wajukuu wako Houston, wananipigia video siku hiyo tuimbe pamoja lakini kila mwaka inakuwa vurugu, mimi nimemaliza mstari wao ndo wanaanza, na huwa nimeshalala. Sisi huku tunayo ya mavuno, tunapeleka ndizi na kuku kanisani, mnada unapigwa, na ninataka wajukuu waonje kidogo. Tufanyeje? – Babu wa Arusha

JIBU: Shikamoo babu. Tuanze na saa. Wakikupigia saa nane mchana wa Houston, wakati bata ametoka kwenye oveni, kwako ni saa tano usiku. Waambie wapige asubuhi yao saa tatu, kabla jiko halijawaka moto, kwako itakuwa saa kumi na mbili jioni na bado una nguvu za kuimba.

Hiyo vurugu si kosa la masikio yako. Sauti ikipita kwenye simu inachelewa, wewe unawasikia wakiwa wameshapita na wao wanakusikia umeshapita, kila mmoja anamsubiri mwenzake mpaka wimbo unakufa. Kuimba kwa pamoja kwenye video achaneni nako. Imbeni kwa kupokezana, hapo kuchelewa hakudhuru kitu, wala hakuna atakayejua. Na kwa kupokezana hakuna inayofaa kama Zaburi ya 136, mistari ishirini na sita, kila mstari unaitikiwa kwa maneno yaleyale, kwa maana fadhili zake ni za milele. Wewe unaongoza mstari, Houston wanaitikia. Wajukuu hata kama Kiswahili chao kimeyumba, maneno saba hayawashindi, na ikifika mstari wa kumi watakuwa wanayapiga kwa makofi. Tuni tumia yoyote ya kwenu mnayoitikia kijijini. Usifike ishirini na sita kama miguu inauma, ruka zile habari za kina Sihoni na Ogu, nenda mwisho ambapo anawapa chakula wote wenye mwili.

Na mnada pigeni hukohuko kwenye simu. Shika kuku wako mbele ya kamera, binti aanze na dola tano, wajukuu wapandishe, wewe uwatukane kidogo kwamba bei ni ya aibu kama anavyofanya mpiga mnada wenu. Hela iende kanisani kwako. Kuku abaki, maana kumsafirisha haiwezekani, ila wampe jina, na Pasaka wakipiga tena lazima waonyeshwe yuko hai, kwa hiyo babu mtafutie yule usiyekuwa na mpango wa kumchinja.